Kuchagua nzi wa matunda kwa vizazi sita, na kuipima kazi ya mionzi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Weka dirishani ndizi iliyoiva hadi ganda lina madoa meusi, na kufikia kesho yake jioni utawaona: nzi wadogo wa rangi ya asali, macho mekundu, urefu wao haufiki milimita tatu. Huyu ni Drosophila melanogaster. Asili yake ni Afrika, kusini ya Sahara, na amemfuata mwanadamu kila palipo na matunda yanayochacha. Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, Thomas Hunt Morgan alimkuta kwenye chupa zake dume mmoja mwenye macho meupe, na kuanzia hapo mdudu huyu ndiye aliyetufundisha sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu jeni na kromosomu.

Mwongozo huu nauandika kwa mwalimu wa baiolojia, kwa klabu ya sayansi ya shule, na kwa yeyote mwenye meza, hadubini ndogo na subira ya miezi mitatu. Una kazi mbili. Ya kwanza utaifanya mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho: kuchagua nzi wenye vinyweleo vingi, na wengine wenye vinyweleo vichache, kwa vizazi sita. Ya pili ni kuipima athari ya mionzi kwenye jeni, na hiyo inahitaji taasisi yenye kibali. Nimeziweka pamoja kwa sababu moja inaijibu nyingine. Anayechagua haongezi kitu ndani ya nzi. Anakusanya kilichokuwa kimetawanyika. Mionzi ndiyo inayoingiza kipya, na utaona kwa hesabu zako mwenyewe kinaingia kwa gharama gani.

Kabla ya yote, usichanganye majina. Wakulima wa embe wanaposema nzi wa matunda, mara nyingi wanamaanisha Bactrocera dorsalis, yule mkubwa aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na anayetoboa tunda likiwa bado mtini. Huyo ni wa familia nyingine kabisa. Wetu hana haja na tunda zima. Anafuata hamira inayoota kwenye tunda lililochacha.

Kupata mbegu

Njia rahisi ni kuomba nzi wa aina ya kawaida kwenye idara ya zoolojia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Kama haiwezekani, watege. Kata chupa ya maji juu, geuza kichwa chake kiwe faneli, weka ndizi iliyopondwa ndani pamoja na punje chache za hamira, iache jikoni au chini ya mgomba.

Mtego utakuletea mchanganyiko. Wenye mistari meupe inayotoka kichwani hadi mgongoni ni Zaprionus, watupe. Anayesumbua ni Drosophila simulans, ndugu wa karibu mno, kwani majike wa aina hizi mbili hawatofautishiki kwa macho. Kwa hiyo weka kila jike peke yake kwenye chupa yake, azae, na wanawe wawe familia moja. Kisha jaribu kuzioza familia: jike ambaye hajapandwa kutoka chupa hii kwa dume wa chupa ile. Wa aina moja watazaa wana wa kike na wa kiume, na wana hao nao watazaa. Jike wa melanogaster akipandwa na dume wa simulans huzaa majike watupu, nao ni tasa. Ukiliona hilo, umeshajua chupa ipi ya kuondoa.

Unganisha angalau familia kumi za aina moja. Usishawishike kuanza na mama mmoja eti ni rahisi. Uchaguzi unakula tofauti zilizomo ndani ya kundi, na familia moja haina nyingi.

Chakula na nyumba

Kwa chupa kumi hivi za ukubwa wa chupa ya jemu: maji vikombe vinne, unga wa mahindi kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, hamira vijiko viwili vya chakula, ndizi mbivu moja iliyopondwa. Pika ukikoroga hadi uwe mzito, katikati ya uji na ugali. Ukishapoa kidogo tia siki vijiko viwili vya chakula, kuzuia ukungu. Mimina kina cha vidole viwili, acha upoe kabisa, futa matone ya maji ukutani mwa chupa, nyunyiza punje chache za hamira hai, kisha chomeka kipande cha karatasi kilichokunjwa. Mabuu watapanda juu yake kugeuka pupa, na karatasi itanyonya unyevu. Ziba kwa pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa. Kizibo kiwe kinabana hasa. Mimi nilipoteza ukoo mzima uliokuwa umefika kizazi cha nne kwa sababu ya pamba iliyolegea usiku mmoja: nzi wa chupa mbili walichanganyikana, na hakuna hesabu inayoweza kuwatenganisha tena.

Miguu ya meza iwe ndani ya makopo ya maji yenye sabuni, la sivyo sisimizi watamaliza kila kitu. Ukiona vidudu vyeupe vinavyotambaa juu ya pupa, huo ni utitiri. Hamisha nzi wazima kwenye chakula kipya na uiondoe chupa ile mbali.

Joto ndilo linalotawala kalenda yako. Kwenye nyuzi 25 yai huanguliwa baada ya siku moja, buu hupitia hatua tatu kwa siku nne au tano, pupa huchukua nne au tano nyingine, na siku ya kumi nzi mpya anatoka. Kwenye nyuzi 18, kama usiku wa Nairobi au Arusha, muda huo unakaribia kuwa maradufu. Pwani tatizo ni la upande wa pili: joto likikaa nyuzi 30 na kuendelea, madume wanakuwa tasa. Utaona nzi wazima wanaruka vizuri, wanataga, na mayai hayaanguliwi. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa kaskazi, panga chupa kwenye sinia la mchanga uliolowa, zungushia kitambaa kibichi, mahali penye upepo. Ni akili ileile ya mtungi wa maji.

Kutambua dume, jike, na jike ambaye hajapandwa

Walaze kwa baridi: chupa kwenye friza dakika tatu au nne, kisha wamwage juu ya sahani iliyo juu ya barafu. Tumia brashi ndogo ya rangi kuwasogeza. Dume ni mdogo, ncha ya tumbo lake ni ya mviringo na nyeusi, na kwenye mguu wa mbele ana kitana kidogo cheusi. Jike ni mkubwa, tumbo lina ncha kali na mistari hadi mwisho. Unapowarudisha, laza chupa ubavu hadi waamke, wasije wakanata kwenye uji.

Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini, hivyo akishapandwa na asiyetakiwa, ukoo wake haukufai tena. Hakubali kupandwa ndani ya saa nane za kwanza baada ya kutoka kwenye pupa kwa nyuzi 25. Asubuhi ondoa nzi wote wazima kwenye chupa. Rudi mchana, na tena jioni kabla hazijatimia saa nane tangu ulipowaondoa: majike wote utakaowakuta bado hawajapandwa. Wapya kabisa wana rangi ya kupauka, na ubavuni mwa tumbo linaonekana doa la kijani-nyeusi kwa ndani. Watenge na madume mara moja.

Kuhesabu vinyweleo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo majaribio mengi huharibika.

Mlaze nzi ubavu chini ya hadubini yenye ukuzaji wa mara 20 hadi 40. Kati ya shina la bawa na miguu ya mbele kuna bamba la pembetatu, na juu yake vinyweleo vyeusi vinavyong'aa, kimoja au viwili virefu na vingine vifupi vinavyoelekea nyuma. Kwa nzi wa kawaida utapata nane hadi kumi kila upande. Hesabu upande wa kulia, mgeuze, hesabu wa kushoto, andika jumla. Elekeza taa kutoka pembeni, si juu, maana mwanga wa juu unafuta vile vifupi. Kinyweleo kilichong'oka kinaacha kishimo cha duara, hicho kinahesabiwa.

Kabla ya kuanza jaribio, watu wawili wahesabu nzi walewale 20 bila kuonyeshana daftari. Mkitofautiana zaidi ya kinyweleo kimoja kwa nzi wengi, rudieni mpaka muafikiane kipi kinahesabiwa. Na anayehesabu asijue chupa iliyoko mbele yake ni ya ukoo gani. Jicho la mtu huona linachokitarajia, hata la mkweli.

Kuchagua, kizazi kwa kizazi

Anzisha koo tatu kutoka kundi moja: wa juu, wa chini, na wa kulinganishia. Ukiwa na nguvu, fanya koo mbili za juu zisizochanganyika, kwani ukoo mmoja ukipanda unaweza kuwa umepanda kwa bahati tu.

Kila kizazi hesabu majike 50 ambao hawajapandwa na madume 50 kwa kila ukoo. Kwa aliyezoea ni kama dakika moja kwa nzi, hivyo koo tatu ni kazi ya saa tano, gawaneni. Ukoo wa juu chukua majike 10 na madume 10 wenye vinyweleo vingi kuliko wote. Ukoo wa chini chukua 10 na 10 wenye vichache. Wa kulinganishia chukua 10 na 10 bila kuangalia hesabu, kwa kuchomoa namba. Majike huwa na vinyweleo vingi kidogo kuliko madume, kwa hiyo linganisha jike na jike, dume na dume.

Wagawe wazazi kwenye chupa mbili, watage siku moja, kisha waondoe. Usiwaache zaidi kwa tamaa ya kupata wengi: mabuu wakisongamana wanatoka nzi wadogo, na nzi mdogo hupungukiwa vinyweleo bila jeni kuhusika. Ndiyo sababu pia chupa za koo zote zikae meza moja, chakula cha sufuria moja, siku moja.

Sasa hesabu zenyewe. Tuseme wastani wa kundi ni 18, na wale 10 uliowachagua wana wastani wa 20.8. Pengo ni 2.8. Wana wao hawatafika 20.8, kwa kuwa sehemu ya wingi ule wazazi waliupata kwa lishe au bahati ya makuzi, na hiyo hairithiwi. Ikiwa watoto wana wastani wa 19.1, wamepanda 1.1, gawa 1.1 kwa 2.8, unapata karibu 0.4. Namba hiyo ni kiwango cha urithi, na kwa vinyweleo vya nzi huyu huwa inakaribia nusu. Wastani wa ukoo wa kulinganishia ukipanda au kushuka, toa badiliko hilo kwanza, maana ni la hali ya hewa au la chakula.

Kufikia kizazi cha sita, wengi katika ukoo wa juu watakuwa na vinyweleo ambavyo mwanzoni hukumwona navyo nzi hata mmoja. Wanafunzi wakifika hapo husema kitu kipya kimezaliwa. Waulize kimetoka wapi. Hakuna jeni iliyolazimika kubuniwa: nzi huyu alikuwa na jeni mbili za kuongeza, yule tatu nyingine, na wewe umekuwa ukiwaozesha hadi zote zikakutana mwilini mwa mmoja. Ushahidi upo. Wilhelm Johannsen wa Denmark alionyesha mwaka 1903 kwamba maharage ya ukoo safi, uliotokana na mbegu moja inayojichavusha, hayabadiliki ukichagua makubwa wala madogo. Ukiwa na muda, ozesha kaka na dada kwa vizazi kumi au zaidi, kisha jaribu kuwachagua. Utahesabu sana na wastani hautasogea vya kutosha.

Uchaguzi una bei pia. Huko Uingereza, Kenneth Mather na B. J. Harrison walipandisha vinyweleo vya tumboni kutoka wastani wa 36 hadi 56 kwa vizazi 20, na uzazi ukaporomoka hadi ukoo ukakaribia kufa. Walipoacha kuchagua, wastani ulishuka haraka kurudi karibu na ulikoanzia. Kwa hiyo kila kizazi andika pia idadi ya wana waliotoka kila chupa. Safu hiyo ya daftari watu huiruka, nami naiona ina thamani sawa na ile ya vinyweleo.

Mionzi: nini cha kufanya na nini cha kutothubutu

Mwaka 1927 Hermann Muller, akiwa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alitangaza kwamba eksirei hubadilisha jeni za nzi kwa kasi kubwa kuliko ilivyo kawaida. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1946, na sehemu kubwa ya maisha yake yaliyofuata aliitumia kuwaonya madaktari na serikali kuhusu mionzi.

Usiende kumwomba fundi wa eksirei wa hospitali. Kwanza haitakusaidia: picha ya kifua ni takriban sehemu moja ya elfu kumi ya grei (kizio cha kupimia mionzi inayoingia mwilini), wakati majaribio haya hutumia grei 30 hadi 40. Pili, kipimo hicho humwacha nzi akiruka, lakini mtu anaweza kufa kwa takriban grei 4 au 5 tu mwili mzima. Kazi hii ni ya taasisi yenye chanzo kilicholindwa na watu waliofunzwa. Nchini Tanzania kazi hiyo inasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu. Unachoweza kufanya ni kuomba taasisi kama hiyo ipige madume wako mionzi na ikurudishie. Nzi aliyepigwa eksirei au miale ya gama habaki na mionzi mwilini, kwa hiyo kumshika ni salama.

Swali linalofuata ni gumu: jeni iliyoharibika na kujificha utaionaje? Muller alilijibu kwa kromosomu X. Jike ana X mbili, na iliyo nzima huficha kasoro ya nyingine. Dume ana X moja tu, hivyo jeni fiche ya kuua ikikaa kwenye X hiyo, haina pa kujificha: dume huyo hazaliwi.

Utahitaji mbegu maalumu ya nzi iitwayo Basc, inayotunzwa kwenye ghala za nzi kama lile la Bloomington, Indiana, na inayoingizwa nchini kwa kibali. X yake ina alama mbili, macho membamba kama ufa na rangi ya chungwa hafifu, na ina vipande vilivyogeuzwa vinavyoizuia kubadilishana sehemu na X ya pili. Endelea hivi. Ozesha madume waliopigwa mionzi kwa majike wa Basc ambao hawajapandwa, siku tatu au nne tu, kisha ondoa madume. Binti zao wote watakuwa na macho mekundu yenye umbo la figo, na kila mmoja amebeba X moja iliyopita kwenye mionzi. Weka binti mmoja kwa kila kichupa pamoja na kaka zake wawili au watatu. Hapa huhitaji kuwawahi kabla hawajapandwa, kwa kuwa kaka zao wote ni Basc; aliyepandwa jana na aliyepandwa leo ni sawa.

Baada ya siku 12 hivi, tazama wajukuu wa kiume katika kila kichupa. Kwa kawaida nusu yao wana macho membamba ya chungwa, nusu macho mekundu ya duara. Kichupa chenye madume kumi au zaidi wa Basc na hakuna hata mmoja wa macho ya duara kimekuonyesha jeni ya kuua. Andaa vichupa 100 vya waliopigwa mionzi na 100 vya wasiopigwa. Kwa grei 40 tarajia karibu 10 au kidogo zaidi upande wa kwanza. Upande wa pili huenda usipate hata kimoja, maana kwa hali ya asili ni kama 2 katika 1,000.

Vichupa vile visivyo na madume wa macho ya duara ndivyo jibu la swali la kizazi cha sita. Mionzi inaleta kipya, na kingi kati ya hicho ni kuvunjika. Mwitalia Renzo Scossiroli alionyesha mwaka 1954 kwamba koo za nzi zilizokwama, yaani zisizopanda tena kwa kuchaguliwa tu, zinaweza kuendelea kupanda vinyweleo zikipigwa eksirei huku zikichaguliwa. Lakini mwaka 1955 G. A. Clayton na Alan Robertson wa Edinburgh walipima tofauti mpya inayoletwa na eksirei kwenye vinyweleo, wakakuta ni ndogo sana ukilinganisha na ile iliyomo tayari ndani ya kundi la kawaida. Kwa maoni yangu, anayetaka kuboresha mbuzi au mahindi atafute kwanza kwenye mbegu za wenyeji kabla ya kuwaza mionzi.

Kuna mahali ambapo uharibifu wenyewe ndio uliotakiwa. Unguja, mbung'o Glossina austeni alikuwa akieneza nagana kwa ng'ombe. Kuanzia 1994 madume walilelewa Tanga, wakapigwa miale ya gama, na zaidi ya milioni 8 wakaachiwa kisiwani kutoka kwenye ndege. Mbegu zao zilikuwa na kromosomu zilizovunjika. Jike wa porini aliyepandwa na mmoja wao hakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o.

Kufunga kazi

Chupa zote ziingie friza usiku mzima kabla ya kuoshwa, pamoja na nzi waliotokana na Basc, wasiachiwe nje. Ila kila kizazi tenga nzi 20 wa kila ukoo, watie kwenye kichupa cha spiriti, na uandike kwa penseli kwenye karatasi ndani ya kichupa: ukoo, kizazi, tarehe, nani alihesabu. Wino huyeyuka, penseli haiyeyuki. Vinyweleo hukaa miaka, na anayetilia shaka namba zako anaweza kuketi kwenye hadubini ileile akahesabu upya.